Nilivyookoa kaseti zangu za 1986, na nilivyoumbuka mbele ya mama

Nilipotaka kuhamishia kaseti zangu za muziki kwenye laptopu, wa kwanza kunishauri alikuwa mwanangu: "Mama, si uingie YouTube tu? Zote zipo." Wa pili shemeji yangu, akauliza kaseti za nini zama hizi. Wa tatu ni mmoja wa kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, akasema nizilaze kaseti kwenye friza usiku kucha, zitajirudi zenyewe. Nawataja mapema kwa sababu bado wananikera. Kaseti kumi na mbili, nimeokoa kumi na moja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na la maana. Haya, mwanangu aliniwekea Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, kwenye laptopu, hilo nampa.

YouTube ina nyimbo, sikatai. Lakini kwenye kaseti yangu ya kijani, bendi ya Dire Straits wakimaliza anaingia Phil Collins, tena katikati ya ubeti, halafu Boney M., halafu sauti ya mlango wetu wa uani kwa mbali. Nimesikiliza hivyo miaka mpaka kichwa kikajipanga hivyo. Nikiwasikia Dire Straits sehemu nyingine na Phil Collins asifuate, naona kama nimeandaliwa chai bila kitafunwa.

Nilikulia Tanga, Ngamiani. Tanga ni mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kwa taarab ulikuwa na Black Star na Lucky Star, kwa hiyo gitaa halikuwa kitu kigeni kwetu. Kigeni kilikuwa msichana wa miaka kumi na tano anayetaka gitaa la Mark Knopfler, yule wa Dire Straits. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyaita "makelele ya Wazungu" na hakuwa akitania. Redio Tanzania ilikuwa na bendi zetu. Za Ulaya na Marekani tulizifuata kwa jirani, Sauti ya Kenya, ambayo jioni ilikuwa inaingia kwetu vizuri. Unabonyeza rekodi na plei kwa pamoja, kidole kinakaa kwenye pozi, unaomba Mungu mtangazaji afunge mdomo. Hafungi. Wimbo ule mrefu wa Queen wa mwaka 1975, wa karibu dakika sita, nimeurekodi mara tatu na mara zote tatu kuna mtu anasalimia jamaa zake juu ya piano. Na muda wote huo sikujua kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, hapo ng'ambo ya maji tu. Nilikuja kulijua alipofariki mwaka 1991. Ningelijua mapema, shangazi angenikoma.

Kaseti mpya ilikuwa mali. Tulirekodi juu ya chochote kilichokuwemo ndani ya nyumba. Wakubwa walivunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena, na sisi watoto tulisokota kipande cha karatasi ya daftari, tukaziba kitundu, redio ikadanganyika. Hilo mtaliona mbele linavyonirudia.

Sasa mashine. Redio kaseti ya nyumbani ilishakufa siku nyingi. Nilipoifungua, ule mkanda wa mpira unaozungusha umegeuka lami, ukanishika vidole kutwa nzima. Nikanunua ya mtumba, elfu thelathini, au thelathini na tano, na waya juu. Ilikuwa inakimbia, Knopfler anaimba kama katoto kenye mafua. Mgongoni mwa mota kuna kitundu, ndani kuna skrubu, unaizungusha polepole mpaka mtu arudi utu uzima. Hiyo ilikuwa rahisi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepeleka kaseti mbili kwenye duka moja mjini linalojitangaza kuhamisha kaseti na mikanda ya video. Nikarudishiwa flashi. Sauti inatoka spika ya kushoto tu, na upande B hawakuugusa. Nilipouliza, kijana akaniambia, "Kwani ina upande B?" Hapo ndipo nilipoamua nitafanya mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Ile ya kijani, mashine iliutafuna utepe siku ya kwanza tu. Niliuchomoa taratibu, umekunjamana kama khanga iliyokamuliwa. Jirani yangu, mama mtu mzima na mwenye heshima zake, akaniambia kitu kilichokunjamana hupigwa pasi. Mnacheka, lakini saa nne ya usiku lilinisikika kama wazo. Nikatandika taulo mezani, nikaulaza utepe, nikaufunika kwa leso nyembamba, pasi nikaiweka kwenye alama ya chini kabisa. Pito la kwanza, safi. Nikajiona fundi. Pito la pili nikakaza mkono kidogo, nikasikia harufu. Nilipoinua leso, utepe nao ukainuka, umejikunja kama kipande cha kitunguu kwenye mafuta ya moto. Kama sentimita kumi zimekwenda. Kaseti hutembea karibu sentimita tano kwa sekunde, kwa hiyo nilikaanga sekunde mbili za Dire Straits. Nilikata pale kwa wembe, mshazari, nikaunga kwa selotepu upande wa mgongo, ule usiogusa hedi, yaani kile kichwa kinachosoma utepe. Mpaka leo gitaa linapanda, linapanda, linaruka kijishimo, linaendelea. Nimeshalizoea.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi redio, amejaa risasi za kuchomelea waya na bisibisi kwenye kibanda kisichoenea watu wawili. Nililalamika kwamba hata nikisafisha hedi kwa spiriti na pamba (safisheni, tena kila baada ya kaseti moja, zangu zilitoa uchafu wa kahawia kama ugoro), sauti bado inatoka kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Hata hakuniangalia. "Mama, hedi iliyorekodi ilikuwa imeinama hivi," akainamisha kiganja, "na hii yako imeinama hivi. Hazionani." Akanionyesha: kando ya hedi kuna skrubu ndogo, na kwenye redio nyingi kuna kitundu cha kuifikia huku kaseti inacheza. Unaingiza bisibisi nyembamba, unageuza robo, nusu ya robo, unasikiliza matoazi. Ghafla blanketi linaondoka. Nilipiga ukelele mule kibandani. Yalikuwemo matoazi niliyokuwa nimeyasahau tangu shule! Mimi nikaongeza ujanja wangu: kabla ya kugeuza weka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu, ujue ilipokuwa. Mzee alilipenda hilo, akaniuliza rangi ya kucha inauzwa bei gani.

Kuhusu laptopu, msichomeke waya kwenye tundu la maiki. Nilijaribu, sauti ikakwaruza na ikawa ya upande mmoja, kama ya wale wa dukani. Tafuteni kile kidude cha USB cha kuingizia sauti, mimi nilikipata kwa elfu kumi na kitu. Na kaseti isiyo na skrubu, iliyogandishwa kwa gundi, ipasueni kwa kisu kwenye mshono, mhamishie magurudumu yake mawili ndani ya ganda la kaseti yenye skrubu tano. Mtazame na kale kasponji kanakobana utepe. Kakidondoka, sauti inafifia, na mtamlaumu mwimbaji bure.

Jambo jingine ni kwamba hakuna njia ya mkato. Nusu saa ya kaseti ni nusu saa ya kurekodi. Kwa hiyo unaiacha icheze, unaendelea na shughuli zako. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile. Mama yangu alikuwa amekuja kukaa kwangu, yuko sebuleni na tasbihi yake, mimi jikoni nakaanga samaki, kaseti ya kijani iko upande B. Dire Straits wakaisha, Phil Collins, Boney M., mlango wa uani. Halafu, badala ya kimya, fidla. Halafu sauti ya Shakila, mwimbaji wa Black Star.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka 1986 sikuijaza ile kaseti mpaka mwisho; dakika tatu na kitu za Black Star zilibaki mkiani.

"Hiyo kaseti yangu," mama akasema.

Nikazima jiko.

"We mtoto. Hiyo ni kaseti yangu."

Kumbe hakuwahi kusahau. Miaka yote hiyo aliamini wifi yake, yaani yule yule shangazi wa makelele ya Wazungu, aliiazima akaipoteza. Walinuniana, mimi nikiwa hapo hapo nasikiliza, karatasi ya daftari iko kwenye kitundu. Mama akazisogeza shanga za tasbihi tano, sita, bila neno. Kisha akasema, "Lete simu. Na utaongea wewe."

Nikaongea. Shangazi alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akanijibu kwamba mama asijisumbue kumwomba radhi kwa simu, aje mwenyewe Tanga, na mimi nimtumie hiyo taarab, "ila hayo makelele yako uyatoe."

Nimemtumia. Nilikata mwenyewe kwenye Audacity, na mkono sijui uliteleza vipi, mwanzoni zikabaki sekunde nane za gitaa. Mpaka leo hajalalamika.