Kuchomelea na kuimarisha fremu ya pawatila iliyopasuka

Pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono) niliyoitengeneza ni ya injini ya dizeli ya S195: silinda moja, farasi 12, inawashwa kwa hendeli. Za aina hii ziko nyingi kwenye mashamba ya mpunga, hasa tangu miaka ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali ya Tanzania wa kuinua kilimo, kuanzia 2009. Fremu yake ni reli mbili za chaneli (chuma chenye umbo la U), unene milimita 6, zimefungwa kwa bolti kwenye giaboksi. Injini, ambayo uzito wake unapita kilo 100, imekaa mbele ikining'inia juu ya reli hizo. Kwa hiyo uso wa juu wa reli unavutwa muda wote na wa chini unabanwa, na chuma kinachovutwa huku kikitikiswa ndicho kinachopasuka. Ufa ulianzia juu, kwenye kona ya tundu refu la bolti ya nyuma ya injini, ukavuka uso wa juu na kushuka ubavuni.

Tundu hilo ni refu makusudi, ili injini isogezwe mbele kukaza mikanda. Bolti ikilegea kidogo, injini inaanza kugonga, na kona kali ya tundu ndiyo inayopokea kila pigo.

Nilishusha injini kwa chenibloku (winchi ya mnyororo) baada ya kumwaga dizeli na kutoa tangi na mikanda. Kuchomelea injini ikiwa juu inawezekana, lakini uzito wake unaufungua ufa, na ukichomelea hivyo unaacha fremu imeinama. Baadaye mikanda italika upande mmoja bila wewe kuelewa kwa nini. Nikiwa na reli tupu, niliisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta vizuri na kitambaa kikavu, kisha nikapaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yanajitokeza kwenye chaki kama mstari mweusi. Mstari huo huwa mrefu kuliko jicho linavyodhani. Mwisho wake nikaupiga senta panchi, milimita 5 mbele zaidi, nikatoboa tundu la milimita 6. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutembea chini ya weldi.

Jambo jingine la kuhakikisha ni aina ya chuma. Ukitoboa na drili ikatoa nyuzi zinazojikunja, ni chuma cha kawaida, endelea. Ikitoa unga mweusi, hicho ni chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), na njia ninayoieleza hapa haifai.

Ufa niliufungua kwa grainda kuwa mfereji wa umbo la V, nyuzi kama 60, nikiacha milimita 2 tu chini. Kabla ya moto, nilibana kipande kigumu cha anglelaini (chuma cha umbo la L) juu ya reli zote mbili kwa klampu, nikapima mishazari miwili ya fremu mpaka ikalingana. Klampu hizo hazitoki mpaka weldi ipoe.

Kuhusu rodi (vijiti vya kuchomelea, aina zake hutajwa kwa namba), mafundi wengi mtaani watakuchomelea kwa 6013 kwa sababu inawaka kirahisi kwenye mashine yoyote. Kwa geti ni sawa. Kwa fremu inayotikisika siku nzima nilitumia 7018, ambayo weldi yake inavumilia kuvutwa bila kukatika. Masharti yake ni mawili. Pakiti iwe mpya au rodi ziwe zimeokwa kwenye oveni ya rodi, maana ikinyonya unyevu inaingiza haidrojeni kwenye weldi, na ufa mpya unatokea pembeni baada ya kupoa. Pili, zile mashine za transfoma zilizosukwa mtaani mara nyingi hazina volti ya kutosha kuishikilia. Inazimika na kunata. Tumia inveta (mashine ya kielektroniki ya kuchomelea), rodi kwenye chanya. Eathi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) niliibana kwenye reli yenyewe, karibu na ufa. Ukiibana kwenye giaboksi, umeme unaweza kupita ndani ya beringi na kuzichoma.

Pasi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa weldi, ilikuwa rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 80, za juu yake milimita 3.2 kwa ampea 115. Nilianzia kwenye tundu la mwisho wa ufa nikapanda kuelekea ukingo, nikigonga slagi (ganda linalobaki juu ya weldi) yote kila baada ya pasi. Upande wa ndani nilisaga mpaka kwenye weldi safi, nikafunga kwa pasi moja. Uso wa juu nikausawazisha, diski ikienda kwa urefu wa reli. Mikwaruzo inayokatiza reli ni mianzo ya nyufa. Tundu refu nalo nililipitishia tupa ya duara mpaka kona zake zikawa mviringo.

Kiraka ndicho kinachowashinda wengi. Kipande cha mraba, kikichomelewa pande zote nne, kinahamishia ufa kwenye ukingo wake: pale reli nene inapogeuka ghafla kuwa nyembamba, tena na mstari wa moto umekatiza. Nilikata bapa ya milimita 5, nikaichonga ncha zote mbili zichongoke kama mtumbwi, ipite ufa sentimita 12 kila upande. Ilikaa ubavuni, chini kidogo ya kona ya juu ya chaneli. Nilichomelea kingo ndefu tu kwa vipande vya sentimita 4 kwa kupokezana, ncha nikaziacha bila weldi kwa milimita 20. Katikati nilikuwa nimetoboa matundu mawili ya milimita 14, nikayajaza weldi. Reli ya pili ilipata kiraka kama hicho ingawa haikuwa na ufa. Fremu ngumu upande mmoja inajisokota. Kuifunga chaneli iwe boksi sikupendelea: tope la mpunga likiingia halitoki, na kutu inaila kutokea ndani.

Kabla ya kukaza injini, iweke na upitishe filagaji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini ya kila mguu. Mguu mmoja ulikuwa na nafasi ya karibu milimita 1. Ungekazwa hivyo, bolti yenyewe ingeikunja fremu, kwa hiyo niliweka shimu ya bati kuziba nafasi hiyo. Bolti ni M12 mpya za daraja la uimara la 8.8, na chini ya kila moja bapa ya milimita 8 badala ya washa nyembamba inayozama kwenye tundu. Mikanda nililinganisha kwa uzi kwenye nyuso za puli zote mbili, kisha nikakaza bolti kwa 80 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Baada ya saa mbili tatu za kulima, zikaze tena injini ikiwa imepoa.