Kujiamini ninako, nipe oda

Ile semina ya wanawake wajasiriamali nilienda shingo upande, maana vyeti vya semina nilikuwa navyo faili zima na mtaji uko palepale. Nilikuwa nashona yunifomu, mafundi wangu wote wasichana, na wiki ileile afisa mikopo wa benki moja alinirudisha eti nije na mzee asaini. Leseni ina jina langu, deni nitalipa mimi, bado asaini mzee!

Mwezeshaji akaanza na historia, hapo ndo nikaamka kidogo. Akasema Ufaransa mpaka 1965 mke alikuwa hafungui akaunti ya benki bila idhini ya mume, na Marekani ni sheria ya 1988 ndo ilifuta masharti ya baadhi ya majimbo kwamba mwanamke akitaka mkopo wa biashara alete ndugu wa kiume asaini. Nikacheka peke yangu. Wao 1988, mimi juzi tu.

Halafu tukaingia kwenye kujiamini, na hapo tulikaa sanaaa, mpaka mama mmoja wa makamo akanyanyuka akasema mwanangu, kujiamini ninako, nipe oda. Ukumbi mzima vigelegele.

Mapumziko nikamfuata, nikamtolea mkataba niliokuwa nao kwenye pochi, oda ya kampuni kubwa, mwenyewe naringa nayo. Jumla hata hakuiangalia. Kidole kikashuka mpaka chini kikasimama hapa: malipo ndani ya siku 90 baada ya kupokea mzigo.

"Na kitambaa unanunua kwa hela ya nani?"

Kimya.

"Na hao mafundi siku zote hizo unawalipa nini, mate?"

Akachukua kalamu akaandika pembeni: nusu itangulie, mzigo uende kwa awamu, kila awamu ilipwe kabla ya inayofuata. Akaniambia oda kubwa bila advansi inaua biashara haraka kuliko kukosa oda, wapigie sasa hivi mimi nikiwa hapahapa. Nikapiga, sauti inatetemeka, meneja manunuzi akaguna weee, mwisho akakubali theluthi. Si nusu lakini kitambaa cha awamu ya kwanza kilipatikana bila kukopa, na mafundi wakalipwa kwa wakati.

Nilipompigia yule mama kumshukuru alicheka mpaka akakohoa, kumbe yeye mwenyewe kuna kampuni alikuwa anaidai toka mwaka uliopita.