Nilivyofanya Windows, Mac na Linux zitumie folda moja ofisini

Kompyuta 9 za Windows, Mac 3 za idara ya usanifu na mashine 2 za Linux, na faili zote zikizunguka kwa flashi. Nilichotaka ni folda moja: mmoja anahifadhi, mwenzake anaendelea alipoachia. Kuziunganisha tu ni kazi ya saa moja. Kinachokula muda ni ruhusa za faili, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Seva ni kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya GB 8 na diski mbili za TB 2 zinazonakiliana, juu yake nikaweka Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Lugha inayoeleweka pande zote ni SMB. Windows na Mac wanayo tayari. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992. Kwanza kabisa niliipa seva anwani ya kudumu, 192.168.1.10, kwa kuihifadhi ndani ya rauta kufuatana na MAC yake, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Bila hivyo, siku umeme ukikatika na rauta ikawaka upya, seva inaweza kupata anwani nyingine, na njia za mkato za ofisi nzima zinakufa kwa mpigo.

Programu za kuweka:

apt install samba samba-vfs-modules avahi-daemon wsdd cifs-utils

Kisha kundi na watumiaji. Mtumiaji wa Samba lazima awepo kwanza kwenye Linux, lakini nenosiri la Samba linakaa peke yake. Wengi hukwama hapa:

groupadd ofisi
useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi uhasibu1
smbpasswd -a uhasibu1

Folda yenyewe, ndani ya faili ya mipangilio ya Samba, /etc/samba/smb.conf:

[Hati]
path = /srv/hati
valid users = @ofisi
read only = no
force group = ofisi
create mask = 0660
force create mode = 0660
force directory mode = 2770

Mistari hiyo minne ya mwisho ina sababu. Namba ni ruhusa: 0660 maana yake mwenye faili na kundi lake wanasoma na kuandika, wengine hapana. Excel na Word hazihifadhi juu ya faili ileile. Zinaandika faili mpya ya muda, zinafuta ya zamani, kisha zinaibadilisha jina ile mpya. Maana yake mwenye faili anakuwa yule aliyehifadhi mwisho. Samba isipoelekezwa inatumia 0744, yaani mwenye faili ndiye peke yake anayeweza kuandika. Asubuhi mhasibu anahifadhi vizuri, mchana mwenzake anaifungua na kuambiwa ni ya kusoma tu, na kila mtu anailaumu kebo. Ile 2 iliyo mwanzoni mwa 2770 ndiyo inayofanya kila kinachozaliwa ndani ya folda kirithi kundi la ofisi. Faili za zamani ulizonakili kwa mkono hazijirekebishi zenyewe. Zipitie mara moja kwa chgrp -R ofisi /srv/hati, halafu folda uzipe 2770 na faili 0660. Endesha testparm, inayokagua makosa ya mipangilio, kila unapogusa smb.conf, kabla ya kuwasha upya smbd, yaani huduma ya Samba yenyewe.

Kwa upande wa Windows, kero kubwa ilitoka kwenye mstari mmoja unaokuja na Debian: map to guest = bad user. Mtu anayeingia kwenye kompyuta yake kwa barua pepe na PIN, Windows inatuma jina hilo kwanza. Samba haijui jina hilo, inamfanya mgeni kimyakimya, na Windows 11 inakataa wageni. Hapo mtumiaji anaona ujumbe wa sera za usalama bila hata kuulizwa nenosiri. Niliandika map to guest = never, dirisha la nenosiri likatokea. Jina linaandikwa SEVA\uhasibu1, SEVA likiwa jina la seva. Likija kosa namba 1219, Windows bado imeshikilia muunganisho wa jina lingine kwa seva hiyohiyo. Net use * /delete inaukata, pamoja na diski nyingine zote za mtandao, kwa hiyo waambie watu wafunge kazi zao kwanza.

Seva kuonekana yenyewe kwenye orodha ya mtandao ya Windows ni kazi ya wsdd, na kwa Mac ni Avahi. Ukiwa na ukuta wa moto (firewall), fungulia mtandao wa ndani milango ya TCP 445 na 5357, na ya UDP 3702 na 5353. 445 usiifungue kuelekea intaneti hata kwa dakika moja.

Mac zinahitaji mistari miwili kwenye sehemu ya global:

vfs objects = catia fruit streams_xattr
fruit:metadata = stream

Mpangilio wa maneno hayo matatu ufuate hivyohivyo. Bila mistari hiyo miwili, folda inajaa faili zinazoanza na ._ ambazo watu wa Windows huzifuta wakidhani ni takataka. Mtumiaji anabonyeza Command-K na kuandika smb://192.168.1.10/Hati.

Linux ni mstari mmoja ndani ya /etc/fstab:

//192.168.1.10/Hati /mnt/hati cifs credentials=/root/.siri,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Faili ya siri, yenye jina na nenosiri, iwe na ruhusa ya 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeisoma. Maneno nofail na x-systemd.automount yanazuia laptopu kuganda inapowashwa nje ya ofisi.

Majina ya faili tulikubaliana kwa mdomo: hakuna : ? * " < > | wala mkwaju (/ na \). Na Linux inaona Ripoti.xlsx na ripoti.xlsx kuwa faili mbili, Windows inaona moja.

Ikabaki printa ya zamani inayotuma skani kwenye folda. Inajua SMB1 tu, toleo ambalo Samba imelizima tangu 4.11, na ndilo WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilipitia mwaka 2017. Kulirudisha kwa ajili ya printa moja sikukubali. Printa hiyohiyo inajua FTP, njia nyingine ya zamani ya kutuma faili, basi niliweka vsftpd, programu ya kuzipokea, kwenye seva, nikaipa printa mtumiaji mmoja anayefika /srv/hati/skani tu. Zingatia local_umask=007 kwenye vsftpd, la sivyo skani zinafika lakini kundi la ofisi haliwezi hata kuzifungua.