Mwalimu aliyekataa kupiga

Leo Jumamosi, nimetoka Chumbageni kumchukua binti yangu kwa mwalimu wake wa kinanda, joto la Tanga mnalijua, ila moyo umetulia kweli, acha niandike kabla sijasahau.

Mwaka jana mjomba wake alimletea kibodi kutoka Dar, ile ya vitufe 61, mtoto akasahau hata katuni. Mimi kwenye muziki najua kucheza tu, basi nikatafuta mwalimu kama mtu anayetafuta fundi, nani anapiga vizuri kuliko wote? Nikampata kijana wa bendi za harusi, jamani yule akigusa kinanda hata bi harusi anasahau kuinamisha macho. Nikalipa mwezi mzima fasta.

Kumbe saa nzima anapiga yeye, mtoto anatazama, halafu ndo anaambiwa bonyeza hapa, hapa na hapa. Miezi mitatu mtoto ana nyimbo mbili, akikosea katikati lazima arudi mwanzo, na mkono wa kushoto kazi yake kuwasha ule mdundo wa mashine basi. Siku moja akaniambia mama tumbo linauma. Wiki iliyofuata tumbo tena, siku ileile ya kinanda. Nikaelewa.

Grupu la wazazi nalo halikunisaidia, mmoja ananiuliza ameshafika gredi ngapi, ile mitihani ya Waingereza ya gredi 1 mpaka 8, mwingine ananiambia Zanzibar kuna chuo cha muziki, sasa kila wiki nipande boti mimi? Jirani yangu anayeimba kwaya ndo akaniambia kuna mzee wao, kastaafu, watoto anawaweza. Mama mkwe akanuna, mjukuu wake akafundishwe nyimbo za kanisani! Yeye muziki uliishia kwa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarab vya Tanga, na kila siku ananikumbusha.

Tulipofika nikasema, "Shikamoo mzee, tupigie kidogo basi tusikie." Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mimi nilishajifunza, mwanafunzi si huyu?"

Akamwambia mtoto aimbe wimbo wowote anaoupenda. Akaimba kaswida ya madrasa, mimi nikatamani kujificha. Mzee katulia tuli, kasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema haya, huo wimbo umo humu ndani, utafute. Yaani ilichukua kama dakika ishirini, mtoto anabonyeza, anakosa, ananitazama mimi, na mzee mikono iko magotini, anaguna tu "panda... umepitiliza, shuka," na mimi pale kidole kinaniwasha natamani kumwonyesha ingawa hata sijui kilipo. Alipoupata mstari wa kwanza mtoto alipiga kelele! Hapo ndo mzee akaanza kumtajia, hii noti uliyoanzia inaitwa so, kidole gumba namba 1, cha mwisho namba 5, na viganja vikunje kama umeshika chungwa la Muheza.

Kipindi chake nusu saa, elfu kumi, mwanzo nikaona nimepigwa. Akaniambia mtoto wa miaka minane baada ya nusu saa anabaki mwili tu. Nyumbani afanye robo saa kila siku, asilimbikize mpaka Ijumaa usiku, na kile kitufe cha mdundo nikibandike solotepu. Nimebandika. Pia kanambia kibodi yetu vitufe vyake vyepesi mno, vya piano vina uzito kwa sababu kila kimoja kinasukuma nyundo inayogonga nyaya, kwa hiyo akija kwake vidole vinachoka na nisishangae. Piano yake yenyewe ya zamani, vitufe 88 na kimoja hakitoi sauti, anasema chumvi ya bahari hiyo, mtoto akifika hapo anaimba mwenyewe kwa mdomo na kuendelea. Nimecheka leo hadi machozi.

Jana umeme umekatika akiwa katikati ya robo saa yake, akaniomba hela ya betri, sita zile kubwa. Tumbo haliumi tena.

Mama mkwe leo kamwita chumbani akamwimbia kipande cha taarab ya ujana wake, eti akamtafutie mle kwenye kinanda. Mtoto kakosea sehemu, bibi kamrekebisha, wakarudia wee mpaka wali ukapoa. Jumamosi ijayo anataka kwenda naye Chumbageni, anasema anakwenda kumsalimia tu huyo mzee, mimi namjua, anakwenda kubishana.