Siku Moja Maishani Mwangu: Mchimba Matope wa Mikoko, Lamu

Saa kumi na nusu alfajiri. Kazi yangu haipangwi na kengele, inapangwa na maji. Leo ni bamvua, maji makubwa. Maji yamejaa usiku na yatakuwa yamekupwa kabisa kabla ya saa tano, kwa hiyo tukitaka kuingia kwa mashua kwenye mikoko ya upande wa kisiwa cha Manda na bado tukute matope wazi ya kuchimba, lazima tuondoke saa kumi na mbili. Naswali, nakunywa kahawa, nafunga mahamri kwenye kitambaa. Suruali ndani, buibui juu, raba kuukuu mkononi. Gambuti nilishaacha kuvaa, matope huzimeza ukabaki na soksi.

Huku mtaani kwetu Langoni wengine huniita "yule wa matope", na wasionipenda husema "wauza hewa wale". Mimi ni msaidizi wa utafiti. Tunapima kaboni iliyofukiwa chini ya mikoko, basi. Sina hewa ya kuuza, wala simkatazi mtu kukata boriti. Lakini tangu marufuku ya ukataji ya 2018, mkataji akiona mtu na daftari msituni anamdhania askari, na siwalaumu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kuna nyumba nyingi hapa zilizolelewa na shoka.

Saa kumi na mbili, gatini. Nahodha yupo, kijana wa kubeba vifaa yupo, mafuta yapo. Mgeni hayupo.

Mgeni wetu leo ametumwa na kampuni inayotaka kununua krediti za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa (kaboni dioksaidi) iliyozuiwa isiende angani. Hiyo ndiyo "hewa" wanayodai tunaiuza. Jana nilimwambia mara mbili: saa kumi na mbili, maji hayangoji. Saa kumi na mbili unusu anaandika kwamba anamalizia chai. Saa moja anauliza kama kuna sehemu ya kuchaji kamera. Saa moja na dakika arobaini anatokea, kofia mpya, viatu vyeupe, anatusalimu kana kwamba sisi ndio tumewahi mno. Nahodha akajibu "Sabalkheri" akavuta kamba, hakuongeza neno. Mimi namjua, akinyamaza hivyo amekasirika.

Basi ikawa tulivyojua itakuwa. Tulipoingia kwenye mkono wa bahari maji yalikuwa yanatoka mbio, na kabla ya kufika nusu ya njia mkuku ukagusa chini. Tukashuka, tukasukuma, wapi. Mashua ikakaa upande. Viwanja vinne vya kupimia vilikuwa mbele yetu, na njia ni matope ya magotini.

Tukatembea. Mgeni akabaki na nahodha kwa sababu ya viatu.

Kazi yenyewe nikuoneshe, maana watu hudhani tunachota udongo na kwenda. Kora ni nusu bomba la chuma lenye makali ubavuni. Unaisimamisha wima kati ya mizizi ya mkoko, unaisukuma kwa uzito wa mwili mpaka ipite mita moja, unaizungusha ili iukate udongo, halafu unaivuta. Kuvuta ndiko kazi. Matope hayaachii. Mikono inateleza, usubi wanakuingia masikioni, na huna mkono safi wa kuwafukuza. Ikitoka, unaona udongo umelala ndani yake kwa matabaka: juu kahawia na vijizizi vyekundu, kisha kijivu, kisha weusi unaong'aa. Mle mna vipande vya mizizi iliyokufa zamani na bado ina umbo lake. Tunapima kwa rula, sentimita 0 hadi 15, 15 hadi 30, 30 hadi 50, 50 hadi 100, na katika kila tabaka tunakata kipande cha sentimita tano kamili, koponi, kifuniko, jina. Kipande kikikatwa vibaya hesabu yote inaharibika, kwa sababu bila kujua ujazo wake hujui uzito wake una maana gani.

Nilipokuwa naandika, kaa mmoja mwekundu alitoka shimoni, akalishika jani la manjano lililodondoka karibu na goti langu, akaliburuta hadi mlangoni kwake. Likakwama. Akalizungusha, akaliingiza kwa kikonyo kwanza. Mzunguko wa kaboni wa vitabuni wenye mishale ni huyu. Jani lilijengwa kwa hewa ukaa iliyovutwa na mti. Sasa sehemu italiwa na kurudi hewani, sehemu itayeyuka na kutoka na maji kupwa hadi bahari kuu, na sehemu itabaki chini ambako oksijeni haifiki, kuoza kukawa kwa kujikokota. Hiyo ya mwisho ndiyo naitafuta.

Tulimaliza viwanja viwili. Vile vingine viwili vilikuwa ng'ambo ya kijito, na maji yalishaanza kurudi.

Kutoka hapo sikuangalia saa tena. Tulirudi mashuani, tukakaa juani tukingoja mashua ielee, mahamri yakaisha, na mgeni akaanza.

"Kwa hiyo ni tani ngapi?"

Nikamwambia hatujui, udongo haujakauka.

"Kwa kukadiria tu."

Nikamwambia sikadirii. Nikamwonesha makopo. Akayapiga picha, akauliza tena tani ngapi. Kisha akaziba pua akasema, "Si hii harufu ndiyo methani? Basi si mnaongeza joto nyinyi?" Methani haina harufu. Kile kinachonuka kama mayai viza ni gesi ya salfa. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na bakteria wanaoitumia huwashinda wale watengeneza methani, ndiyo maana kinamasi cha maji baridi hutoa methani nyingi kuliko matope yetu ya chumvi. Hiyo harufu ni habari njema, nikamwambia. Hakuiandika.

Aliyeuliza la maana ni nahodha. "Mwanangu, zile boriti za dari la nyumba yetu Mkomani, alizozipandisha babu wa babu yangu, hiyo hewa imo mle bado?"

"Imo, ami. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Maadamu hazijaoza wala kuungua, imo."

"Na chokaa ya ukutani? Walichoma matumbawe kwa kuni za mikoko."

Hapo nikasahau jua. Tumbawe likichomwa tanurini hutoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Ukiichanganya chokaa na maji ukaipaka ukutani, huivuta tena hewa ukaa polepole na kugeuka jiwe upya. Kuta za Lamu zimerudisha sehemu kubwa ya walichotoa. Moshi wa kuni lakini haukurudi ukutani, ulikwenda zake.

Mgeni akasema, "Lakini si bahari inanyonya yote?" Inanyonya kama robo ya tunachotoa. Binadamu tunatoa tani bilioni 40 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Nchi kavu na bahari huchukua karibu nusu, inayobaki inajirundika juu. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima hewani kule mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa sehemu 315 kwa milioni. Sasa imepita 420. Na bahari si mnywaji tu. Wakati wa kusi, pwani ya Somalia, maji baridi ya vilindini hupanda juu na kuitoa hewani kaboni iliyokuwa imelala chini. Nahodha akaitikia kwa kichwa, baridi ya maji yale aliisikia kwa mabaharia wa kaskazini tangu utotoni.

Mikoko haiwezi kuufuta moshi wa viwanda vya watu wengine, na anayenunua krediti akidhani amefuta, tusidanganyane. Lakini ukiung'oa mkoko na kuyafukua matope, oksijeni inaingia, na kilichojikusanya kwa karne kinaondoka. Kila kilo moja ya kaboni inatoka ikiwa kilo 3.67 za hewa ukaa.

Mashua ikaelea saa nane na kitu. Njia nzima mgeni alilala.

Kufika, kuosha kora kwa maji matamu, kubeba makopo hadi chumba chetu, kupima uzito mbichi, kuyaingiza kwenye tanuri la nyuzi 60. Umeme ukakatika, ukarudi. Mama akanikataza kupita sebuleni na zile nguo.

Saa tatu usiku simu ikalia. Mgeni anaomba namba kufikia kesho asubuhi. Udongo utakaa tanurini mpaka uzito wake uache kushuka, kisha utasafirishwa kwenda kuchomwa kwa nyuzi 450, ndipo tuanze hesabu. Nikamwandikia "haiwezekani", nikaongeza saa ya kuondoka kesho kwa ajili ya vile viwanja viwili, saa moja kasoro, maji yamesogea. Na viatu vingine.