Omu chache, chaji fupi

Vepu yako (sigara ya kielektroniki) ikiisha chaji kabla ya adhuhuri hapa Tabora, soma kwanza omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa ubavuni mwa koili, ule waya unaopasha majimaji moto. Kwenye kifaa kisichodhibiti wati, volti 3.7 zikipita kwenye omu 0.5 ni ampea 7.4, yaani wati 27. Kwa omu 1.2 ni wati 11 tu. Betri ya aina ya 18650 yenye mAh (miliampea-saa) 3000 hubeba wati-saa 11 hivi: dakika 24 za kubonyeza kwa omu 0.5, au karibu saa nzima kwa omu 1.2. Kwa omu 0.5 majimaji nayo huwahi kwisha, maana moto mwingi hutoa mvuke mwingi.

Baridi ya Juni huifanya gliserini iliyo kwenye majimaji iwe nzito. Kwa koili ya omu 1.2, yenye matundu madogo, pamba inayofyonza majimaji hukauka ikaungua. Weka mchanganyiko wa nusu gliserini, nusu propilini glikoli ambayo ni nyepesi, subiri dakika 10 pamba ilowe. Nikotini kali kwenye omu 0.5? Usithubutu: mvuke mwingi hubeba nikotini nyingi.