Swali lililokuwa nyuma ya karatasi

Juzi jioni Furaha alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, kalamu za rangi zimetapakaa kila mahali, anapaka ramani ya Illinois, jimbo letu hapa Marekani, aliyopewa shuleni. Kaunti zote 102 zimo, na kazi yake ni kuzigawa katika wilaya tano za mahakama, zile ambazo watu wake huchagua majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, kila wilaya na rangi yake. Kaunti ya Cook, yenye Chicago, ni wilaya ya kwanza peke yake. Hiyo alikuwa ameshaimaliza, nyekundu.

"Papa, sisi wa Rock Island tuko ya ngapi?"

"Ya tatu," nikamjibu huku nakoroga sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo.

Akanyamaza kidogo. "Hapana, Papa. Hapa wameandika ya nne."

Nikazima jiko. Najua vizuri kwamba tuko ya nne, na nimejua kwa miaka kadhaa sasa. Ila mdomo wangu bado unasema ya tatu, kwa sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye ile karatasi ya kura ya tarehe 3 Novemba 2020, na ile karatasi haijanitoka kichwani.

Ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani, nami nilikuwa na miaka 37. Kongo, nchi niliyozaliwa, ilipopiga kura mwaka 2006 mimi nilikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, tunasikiliza matokeo redioni kama habari za nchi ya watu wengine. Uraia wa hapa niliuapia 2019. Basi Mama Furaha akatuma kura yake kwa posta kwa sababu ya korona, mimi nikakataa. Nilitaka kwenda kwa miguu yangu, nisimame kwenye foleni, nihesabiwe nikionekana.

Nilitoka kiwanda cha nyama asubuhi, shifti ya usiku, nikaenda moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Barakoa usoni, vidole vimekauka kwa dawa ya kusafishia. Mama mmoja mzee alinipa karatasi na kalamu, akanionyesha kibanda.

Upande wa mbele haukunisumbua. Rais, seneta, mbunge, hao nilikuwa nimejiandaa nao wiki nzima. Kisha nikageuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na majina ya majaji. Mmoja alikuwa wa Mahakama ya Juu ya jimbo, Thomas Kilbride, na swali juu yake lilikuwa moja tu: abaki kwenye kiti chake cha Wilaya ya Tatu kwa miaka 10 mingine, au asibaki. Kiduara cha ndiyo, kiduara cha hapana. Mpinzani hayupo, chama hakikuandikwa.

Kalamu ikasimama.

Jina nilikuwa nimelisikia. Majira yote ya vuli televisheni ilikuwa imejaa matangazo, upande huu unamponda, upande ule unamsifu, na mamilioni ya dola yalimwagwa kwa ajili ya kiti kimoja. Vipeperushi vililetwa kwenye sanduku la barua karibu kila siku. Mama Furaha alikuwa anavitandika mezani anapomenya mihogo, kwa hiyo uso wa yule jaji niliuona mara nyingi, umelowa, maganda yamelala juu yake. Lakini alichohukumu, namna alivyohukumu, na kama alikuwa mtu wa haki, sikujua hata kimoja. Kanisani hatukumzungumzia. Kiwandani pia.

Hapo ndipo baba aliponijia.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 11 nilipomsindikiza tribinale, yaani mahakamani, kule Kongo. Jirani yetu kule tambarare ya Ruzizi alikuwa amekata mstari wa minyaa uliokuwa mpaka wa shamba letu la mihogo, akaupanda upya hatua 30 ndani ya upande wetu. Alifanya usiku. Tulipofika asubuhi minyaa ilikuwa imesimama kana kwamba imezaliwa pale, lakini utomvu ulikuwa bado unachuruzika mahali ilipokatwa, mweupe kama maziwa, na udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mpya. Baba hakupiga kelele. Alikata tawi moja, akalifunga kwenye jani la mgomba, akalibeba njia nzima ili jaji aone mwenyewe kwamba lile ni jeraha la jana.

Jaji hakulitazama. Alikuwa anaandika tulipoingia, akaendelea kuandika wakati baba anaongea, na alipomaliza kuandika alisema maneno machache ya Kifaransa ambayo karani alitutafsiria: mpaka ni pale minyaa ilipo. Baba akaanza kufungua lile jani la mgomba. Karani akamshika bega, taratibu, akamgeuza kuelekea mlangoni. Nakumbuka tulivyorudi, baba mbele mimi nyuma, tawi bado liko mkononi mwake. Alifika nalo mpaka nyumbani. Sijui alilitupa wapi. Miaka miwili baadaye vita viliondoa watu wote wa pale, wenye mpaka na wasio na mpaka, na baba amezikwa Nyarugusu, kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuwa yake.

Sasa mimi niko kibandani Rock Island, natokwa na harufu ya dawa mikononi, na serikali inaniuliza, mimi mtoto wa yule mzee, kama jaji abaki au aondoke. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo. Nilihisi joto masikioni. Foleni nyuma yangu ilikuwa inasogea, yule mama mzee alikohoa, nami nilikuwa nimekitazama kile kiduara mpaka mistari ya karatasi ikaanza kuogelea.

Nikajaza hapana.

Nilijaza polepole, nikahakikisha wino haukuacha nafasi nyeupe hata kidogo, kisha nikapitisha kalamu tena juu yake. Nilikuwa namjibu mtu aliyekaa tribinale mwaka 1994 na hakuinua macho. Nikaenda kuitumbukiza karatasi kwenye mashine, ikaimeza, nikapewa kibandiko cha kubandika kifuani. Garini nililia. Wakati ule nilidhani ni furaha.

Matokeo yalipotoka, ndiyo zilikuwa nyingi kuliko hapana, asilimia 56 hivi. Lakini katiba ya Illinois inataka jaji anayeomba kubakizwa apate asilimia 60. Kilbride akaondoka, jaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Illinois kuangushwa kwa kura ya namna hiyo. Najua kura yangu moja haikumwangusha. Bado niliposoma habari ile jikoni, mkono ulinitetemeka, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kumsoma mtu niliyekuwa nimeshamhukumu. Alikuwa wa hapahapa Rock Island, aliwahi kuwa wakili katika mji huu. Alikuwa kwenye kiti hicho tangu 2000, na kuanzia 2010 hadi 2013 alikuwa jaji mkuu. Mwaka 2016 yeye ndiye aliyeandika hukumu ya majaji wanne dhidi ya watatu iliyozuia pendekezo la wananchi la kuwanyang'anya wanasiasa kazi ya kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Wapo walioikasirikia hukumu ile. Mtu aliyesema hapana kwa sababu hiyo alikuwa na sababu ya kusimamia. Mimi sikuwa nayo. Nilichukua hasira ya haki na kuipeleka kwenye anwani isiyo yake, na sikutenda tofauti sana na mtu anayehukumu bila kuinua macho.

Nilijipa moyo kwa jambo moja: kiti kitajazwa kwa muda, kisha 2022 tutapiga kura kumchagua wa kukikalia, na safari hii nitasoma kwanza. Kweli mwishoni mwa 2020 akateuliwa jaji kutoka Ottawa, mji wa hapahapa Illinois, akikalie kwa muda.

Ila Juni 2021 Gavana Pritzker akatia saini ramani mpya ya wilaya za mahakama. Mipaka ya zamani ilikuwa haijaguswa tangu miaka ya 1960. Wademokrati walioipitisha walisema watu wamehama na wilaya zimepishana sana kwa idadi. Warepublican wakasema shabaha ni kulinda wingi wa majaji wa Kidemokrati mahakamani baada ya kuanguka kwa Kilbride. Wilaya ya tatu, iliyokuwa na kaunti 21, ikawa na kaunti 7, wengi wa watu wake wakiwa sasa kaunti za Will na DuPage, kule karibu na Chicago. Rock Island tukapelekwa ya nne, pamoja na Peoria na Springfield. Rufaa zetu zilizokuwa zinakwenda Ottawa sasa zinakwenda Springfield.

Kwa hiyo Novemba 2022 watu wa DuPage, ambao hawakuulizwa lolote juu ya Kilbride, ndio walioshiriki kumchagua Mary Kay O'Brien kwa wilaya ya tatu. Sisi tuliomwondoa jirani yetu, na waliotaka abaki, hatukuwa na kura katika kiti hicho tena. Niliigeuza karatasi yangu mwaka huo mara mbili nikidhani nimeruka mahali.

Sisemi ni sawa na minyaa ya jirani. Ile ilihamishwa usiku, na hii ilihamishwa mchana, bungeni, kwa saini na tarehe, na mtu yeyote angeweza kwenda kusikiliza. Mimi sikwenda. Mchana nilikuwa nimelala kwa ajili ya shifti. Lakini nilipoiona ile ramani mpya mara ya kwanza, kaunti yetu imepakwa rangi nyingine, nilisikia tumboni kitu kilekile cha asubuhi ile shambani, na sijaweza kujieleza kwa nini.

Mwaka 2024 nilikwenda tayari. Nilisoma juu ya Lisa Holder White, aliyeapishwa 2022, mwanamke Mweusi wa kwanza kukaa katika Mahakama ya Juu ya jimbo hili, ambaye sasa alikuwa anaomba kura zetu sisi wa wilaya ya nne. Nilisoma hukumu mbili, Mama Furaha akinisaidia Kiingereza cha sheria. Nilipofika kwenye jina lake kalamu haikusimama.

Furaha alikuwa ameshaipaka Rock Island kijani, pamoja na Peoria, anafuata mto Mississippi kwa uangalifu asivuke kuingia Iowa. Nikamweleza kidogo kwamba zamani tulikuwa ya tatu, na kulikuwa na jaji wa hapa mjini, na mimi nilimpigia kura ya hapana.

"Alikuwa mbaya?"

"Sijui, mwanangu."

Akaacha kupaka. "Sasa kwa nini ulisema hapana?"

Sombe ilikuwa inapoa. Nikakaa naye chini kwenye zulia, nikamwomba ile kalamu ya kijani na karatasi tupu, nikaanza kumchorea minyaa.